Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: mnunuzi wa mairungi anafika uani, wa zao jipya yuko wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Ushirika,
Kampala.

Nakusalimu kwa heshima zote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, kwenye barabara ya Gulu, na huu ni mwaka wa ishirini na sita nikikanyaga cherehani. Nashona sare za shule. Shule zikifungwa napunguza suruali za mivumba, hizo wenzetu wa pwani wanaziita mitumba, ili watoto wasilale njaa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hapa Bombo, tulipo Wanubi na wanajeshi, ndiyo lugha ya dukani, na kwa sababu Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali iwe lugha rasmi. Nimeona tuanze kuitumia bila kungoja semina.

Jambo lililonikalisha kuandika limetoka kwa mjomba wangu. Ni kaka wa marehemu mama, analima Butambala, si mbali na Kabasanda. Kila anayetafuna mairungi, yaani miraa, katika nchi hii anajua Kabasanda ni wapi, na asiyetafuna amesikia. Siku moja kikaja kikao cha kijiji, akasimama afisa mmoja, kijana mwenye adabu, akawaambia wakulima wang'oe mairungi kwa sababu sheria imeshasema. Watapewa miche ya zao jingine, na zao hilo litauzwa nchi za nje bila ushuru. Watu wakapiga makofi. Mjomba hakupiga. Aliuliza, "Nje wapi, mwanangu? Na atakayelichukua hapa uani ni nani?" Kijana akasema serikali inafuatilia.

Mheshimiwa, naomba nikueleze huo uani, maana nadhani aliyeandika ile ahadi hajaufika.

Nililala kwa mjomba usiku mmoja, nikaamshwa saa kumi na moja alfajiri na sauti ya wanawe wakikata majani ya migomba. Mairungi huchumwa umande haujakauka, vile vichipukizi vyekundu vya juu tu. Vinapangwa vichwa vyote upande mmoja, vinafungwa kwa ukambaa wa mgomba, kisha fungu linaviringwa ndani ya jani bichi lililonyunyizwa maji. Saa moja na nusu asubuhi boda boda alikuwa uani, pikipiki haijazimwa. Haraka ile ina sababu yake: mairungi yakikaa siku mbili nguvu imekwisha, na mnunuzi wa Kisenyi, kule Kampala, hata kuyatazama hataki. Kabla ya adhuhuri pesa ilikuwa imeingia kwenye simu ya mjomba. Akamtuma mjukuu dukani akalete sukari, tukanywa chai.

Kahawa ya jirani yake huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Mairungi, mti ukitunzwa, unarudi kuuchuma baada ya wiki chache. Kwa hiyo ukimsikia mkulima wa Butambala anasema mairungi ndiyo yaliyomsomeshea watoto, usidhani anazungumzia bei peke yake. Anazungumzia mnunuzi anayefika mlangoni, anayelipa siku hiyohiyo, na anayerudi wiki ijayo.

Sitetei mairungi. Hapa Bombo nimewaona vijana waliokuwa mafundi wazuri wakageuka watu wa kukesha na kulala mchana, na mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Najua pia kwamba sheria ya dawa za kulevya haitoki wizarani kwako. Ile ya kwanza ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 5 Mei 2023, kesi ikiwa imeletwa na wakulima na wauzaji wa Wakiso. Majaji hawakusema mairungi ni mazuri, walisema Bunge lilipitisha bila akidi. Agosti mwaka huohuo Bunge likaipitisha upya, na mairungi yamo. Hilo limekwisha. Ila ahadi ya soko la nje lisilo na ushuru, hiyo ni ya wizara yako, na ndiyo nakuja nayo.

Maana ahadi hiyo ilishatolewa kwa wakulima wengine kabla ya mjomba. Binti yangu anasoma uchumi chuoni, na jioni moja, mimi nikipiga pasi kola, alinisomea habari za nchi za milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Desemba 1991 Rais wa Marekani, Bush baba, alitia saini sheria ya kuziruhusu Bolivia, Kolombia, Ekwado na Peru kuingiza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru. Hesabu yao ilikuwa kwamba mkulima wa koka, jani linalotengenezwa kokeini, akipata kitu kingine cha kuuza ataachana na koka. Mwaka 2002 wakaipanua, na nguo nazo zikaingia. Nilimwambia binti yangu arudie, kwa sababu maneno yalikuwa yaleyale ya yule kijana wa Butambala, kasoro Luganda.

Basi Peru ikawa kigogo wa asparagasi, mboga fulani ndefu kama vidole ambayo mimi sijaila. Lakini asparagasi ile inalimwa pwani, kwenye jangwa la Ica na La Libertad, kwa maji ya mabomba, kwenye mashamba ya watu wenye mitaji. Koka inalimwa ng'ambo ya pili, kwenye miteremko ya mashariki kama bonde la Huallaga. Katikati umelala mlima wa Andes wote. Kolombia ni hivyohivyo: maua yanatoka kwenye uwanda wa Bogotá, karibu na uwanja wa ndege, na koka iko mbali huko Putumayo na Guaviare. Aliyepata kazi ya kukata waridi alipata kazi, na wengi walikuwa kina mama, simnyang'anyi mtu riziki yake kwa maneno. Ila mwenye koka alibaki palepale na koka yake.

Ni sawa na kumwambia mjomba aache mairungi kwa sababu kuna mtu kando ya ziwa, Entebbe, anayeuza maua Uholanzi bila ushuru. Na kweli yuko! Tangu 2001 Ulaya inapokea bidhaa za nchi maskini kama yetu bila ushuru, isipokuwa silaha. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Muulize mjomba kama amesikia.

Kwa hesabu za ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, Kolombia ilikuwa na hekta kama 163,000 za koka mwaka 2000. Upendeleo ule baadaye ukageuka mkataba kamili wa biashara huru na Marekani, ulioanza kazi Mei 2012. Mwaka 2023 ofisi ileile ilihesabu hekta 253,000. Vita, bei, siasa na makundi yenye bunduki vyote vimo ndani ya namba hizo, na mimi si mtu wa kusema kuondolewa ushuru kumeotesha koka. Nasema tu hakukuing'oa.

Kuna kipande cha hadithi hiyo kilichonikaa zaidi kuliko hekta. Wakulima wa asparagasi wa Marekani kwenyewe waliumia. Katika jimbo la Washington mashamba yalipungua sana, na viwanda vya kusindika vikafungwa au kuhamia Peru. Walilalamika miaka mingi, mpaka katika sheria yao ya kilimo ya 2008 wakatengewa dola milioni 15 za fidia. Yaani tajiri alipogawa soko lake akaumiza watu wake, alirudi nyuma akawafuta machozi. Kwetu soko likinyang'anywa, ni ofisi gani inayoandika majina ya walioumia?

Na linanyang'anywa. Bolivia iligombana na Marekani mwaka 2008, Rais Evo Morales akamfukuza balozi wao, na kabla mwaka haujaisha Bolivia ikaondolewa kwenye orodha. Koka iliendelea kumea. Waliolipa ni mafundi wa nguo wa El Alto, mji ulio juu ya La Paz, watu wenye tepu shingoni na sindano mdomoni kama mimi, ambao nguo zao zilikuwa zikienda Marekani bila ushuru. Nadhani hata mmoja wao hakuulizwa kuhusu balozi.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna Agoa, ile sheria ya Marekani ya kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwao bila ushuru, au niseme tulikuwa nayo. Ilitungwa mwaka 2000, tukaingizwa mapema. Mwishoni mwa Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba Uganda, pamoja na Gaboni, Niger na Jamhuri ya Afrika ya Kati, tutatolewa, na tarehe 1 Januari 2024 tukatoka. Kwa upande wetu walitaja haki za binadamu, baada ya ile sheria ya Mei 2023 kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Ubishi wa sheria ile sio wa barua hii. Nataka tuangalie tu kitu chenyewe tulichopoteza kilikuwa na ukubwa gani, maana niliwasikia watu redioni wakilia kama waliofiwa, na wengine wakishangilia kama walioshinda kombe.

Kahawa yetu mbichi haikuhitaji Agoa; Marekani ilikuwa ikiipokea bila ushuru hata kabla. Faida ya kweli ilikuwa kwenye nguo. Fulana ya pamba, kwa ushuru wao wa kawaida wa miaka ile, ilitozwa asilimia 16.5, na kwetu ikawa sifuri. Ndiyo maana mwaka 2003 Kampala ilipata kiwanda kikubwa cha nguo, serikali ikakibeba mgongoni, na wasichana wakaletwa kutoka wilaya mbalimbali kuja kushona. Oktoba mwaka huohuo waligoma, wakafukuzwa zaidi ya mia mbili, wakaenda kupiga kambi Bungeni. Nakumbuka picha zao gazetini. Miaka michache baadaye kiwanda kimefungwa. Na sheria ilituruhusu, kwa kuwa ni maskini, kushona kwa kitambaa cha kutoka popote duniani. Hilo kwa mwenye kiwanda ni neema. Kwa mkulima wa pamba wa Lango au Kasese ni sifuri, kwa sababu robota lake linaendelea kupanda lori kwenda Mombasa likiwa pamba tupu, halijaguswa na gurudumu la kusokotea.

Sisi wa umri wangu tunakikumbuka kitambaa cha Nytil, cha Jinja. Kiwanda kilianzishwa miaka ya hamsini, wakati bwawa la Owen Falls linaanza kutoa umeme. Shuka yake ulikuwa unairithi. Mama alinifunikia shuka ya Nytil, na mimi nimekatia kipande chake nepi za mtoto wa kwanza. Nytil haikujengwa kwa ajili ya soko la hisani la mtu yeyote. Umeme ulikuwa hapa, pamba ilikuwa hapa, na watu wa kuvaa walikuwa hapa.

Halafu kuna mivumba. Hapa natubu kabla sijasema, kwa maana nakula kutokana nayo. Robota likifunguliwa alfajiri kwenye soko la Owino, Kampala, watu wanajipanga kama kwenye mazishi ya mtu mkubwa, na suruali ya daraja la kwanza inaondoka kabla sijapata nafasi ya kuigusa. Ninazoletewa mimi ni zile za kiuno cha mtu wa Texas, nizitengeneze zimkae mtu wa Luweero. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana tuachane na nguo hizi hatua kwa hatua mpaka 2019. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikapeleka malalamiko serikalini kwao. Tukaambiwa: mkizuia nguo zetu, Agoa mnaipoteza. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania ikarudi nyuma, na sisi tukarudi nyuma. Rwanda peke yake ilikaza, ikiwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na Julai 2018 nguo zake zikafungiwa mlango Marekani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ili tusinyimwe ruhusa ya kuuza nguo Marekani, tulikubali kuendelea kununua nguo za Marekani. Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea.

Kisha Agosti 2023, pale Mbale, Rais akatangaza mivumba ipigwe marufuku, akasema ni nguo za watu waliokufa. Mafundi wenzangu walinipigia simu wakicheka kwa hofu. Mimi siombi marufuku ya ghafla. Wanaoishi kwa Owino ni wengi mno, na kuna watoto hapa Bombo ambao sweta pekee waliyonayo ilivaliwa na mtoto mwingine huko Ohio. Naomba kitu kidogo zaidi ya hicho, na kigumu zaidi.

Angalia mambo matatu aliyo nayo mnunuzi wa mairungi: yuko karibu, anakuja mwenyewe, analipa leo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutoka Washington au Brussels. Hata lile soko la nje la mairungi yenyewe liliwafundisha Wameru wa Kenya. Walikuwa wakipeleka Ulaya kwa ndege kila wiki. Uholanzi ikafunga mapema 2013, Uingereza ikafunga Juni 2014, na mji wao uitwao Maua ukaamka ukiwa na mizigo isiyo na pa kwenda. Mjomba naye ana kovu lake. Bei ya vanila ilipopaa mwaka 2003 hivi, baada ya vimbunga kuipiga Madagaska, alipanda vanila. Akawa analala shambani na panga kwa ajili ya wezi. Alipofika kuvuna kwa wingi, bei ilikuwa imeanguka mpaka wezi wenyewe wakaacha kuja.

Basi ukitaka ang'oe mairungi, usimtafutie ndege. Butambala na Kampala ni mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara, na Kampala inakula kila siku: maziwa, mayai, nyanya, matunda. Maziwa nayo hayawezi kungoja siku mbili, kama mairungi, na ng'ombe anakamuliwa kila siku. Kinachokosekana ni tangi la kupoozea maziwa hapo Kabasanda na mtu wa kulipa kila Ijumaa. Ushirika uko kwenye jina la wizara yako. Sijui ni mara ngapi umeambiwa uanzie hapo. Milioni moja ya PDM, ule mpango wa serikali wa kuwapa wanavijiji mikopo, ni mtaji, na mjomba anaishukuru. Lakini jirani yake alinunulia kuku, kuku wakataga, na mayai yakamkalia ndani mpaka akaanza kuyagawa.

Na kwa upande wetu mafundi ni hivyohivyo. Soko ambalo hakuna balozi anayeweza kulifunga ni sare za shule, sare za polisi na magereza, shuka za hospitali. Sera ya kununua vya Uganda tunayo tangu 2014. Lakini kitambaa cha sare ninachokata wiki hii nimekinunua Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na kimeandikwa kwenye ukingo maneno ya Kichina. Nimeuliza cha Jinja, nimeambiwa kipo ila kwa robota zima, na fundi wa cherehani mbili hanunui robota zima. Hapo pangekuwa na kazi ya wiki moja tu ya ofisa wako: kumfanya mwenye kiwanda auze kwa mita kwa mafundi waliojiandikisha.

Kama utakwenda kuomba turudishwe kwenye Agoa, au kwenye mpango wowote utakaokuja baada yake, nenda, sikuzuii. Ila kabla ya safari tubandikie kwenye mbao za matangazo wilayani: miaka ile zaidi ya ishirini tuliuza nini kwa mlango huo, nani aliuza, na mkulima alipata shilingi ngapi. Tujue tunaomba nini.

Jumapili iliyopita nilikuwa Butambala tena. Mjomba ameng'oa mistari minne ya mairungi upande wa barabarani, ule unaoonekana, na amepanda majani ya ng'ombe. Ng'ombe bado hana. Mistari ya nyuma ameiacha. Nilimuuliza ataing'oa lini, akaniambia ataing'oa siku atakapoona gari la maziwa limesimama pale anaposimama boda boda.

Ndimi mtiifu,
Fundi cherehani,
Bombo, wilaya ya Luweero.